Udhanaishi si wa vijana peke yao

Swali la wiki liliuliza: je, falsafa ya udhanaishi, inayosema kwamba mtu yuko huru na hujiumba mwenyewe kwa anayoyachagua, ina la kumwambia mtu wa kila umri, au ni ya vijana tu? Nina miaka 52, na kwa maoni yangu vijana ndio wanaoihitaji kidogo kuliko wote.

Wengi wetu neno hili tulikutana nalo darasani, kwenye uhakiki wa riwaya, katika umri ambao mtu hahitaji mwanafalsafa wa kumwambia kwamba maisha yake yako mikononi mwake. Anajua, tena anajua kupita kiasi. Hata mfano maarufu wa Jean-Paul Sartre, mwanafalsafa Mfaransa aliyeivumisha falsafa hii, ni wa kijana. Katika mhadhara wake wa Paris, Oktoba 1945, alisimulia habari za mwanafunzi wake aliyefika njia panda wakati wa vita: abaki na mama yake, ambaye hakuwa na faraja nyingine, au aende Uingereza kujiunga na Wafaransa waliokuwa wakiendelea kupigana na Wajerumani. Sartre alimjibu kwamba yuko huru, achague. Jibu hilo huwaudhi watu. Mimi haliniudhi, ila naona lilikuwa jepesi kulitoa kwa sababu milango yote miwili ilikuwa bado wazi.

Utoto nitaupita haraka. Simone de Beauvoir, mwanafalsafa mwenzake Sartre, alisema mtoto huikuta dunia imekwisha kupangwa, na maadili ya wakubwa huyaona kama mbingu na miti: yapo tu. Sina la kuongeza.

Penye kazi ni katikati. Sartre huyohuyo alimweleza mhudumu wa mkahawa ambaye hatua zake ni nyepesi mno na adabu yake imezidi, kana kwamba anaigiza uhudumu. Niliposoma habari zake nikiwa kijana nilimcheka. Leo nina miaka 24 katika uhasibu, na nikiulizwa mimi ni nani neno "mhasibu" linatangulia jina langu. Nikialikwa kujaribu jambo geni nasema, "Aa, mimi ndivyo nilivyo." Nalisema kwa sauti ya unyenyekevu, lakini ni kujificha. Sikuzaliwa hivi. Nimejichagulia kuwa hivi, na kila asubuhi narudia uchaguzi uleule huku nikisingizia tabia.

Uzee ndio unaoibana falsafa hii kwelikweli, na hapo namwamini Beauvoir kuliko Sartre. Katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu uzee alionyesha kwamba mtu hauoni uzee wake kutoka ndani. Hupewa habari na macho ya wengine. Na hakusahau umaskini na mwili unaogoma, mambo ambayo watu wanaoimba uhuru hupenda kuyaruka.

Baba yangu ana miaka 83 na mikono yake inatetemeka. Mwezi uliopita tulikuwa tunatoka, naye akawa anafunga vifungo vya shati. Kifungo kinafika kwenye tundu, kinateleza, anakitafuta tena kwa kidole gumba. Nikanyosha mkono nimsaidie. Hakukasirika, alinitazama tu, na katika macho yake nikajiona: nilikuwa nimekwisha kumgeuza mgonjwa. Nikarudisha mkono. Kwa nusu dakika nilikuwa mimi yale macho ya wengine aliyoyaandika Beauvoir, na sikuipenda nafasi ile.

Sitadai kwamba shati ni uhuru. Kuna siku ataniomba nimfungie, na kuomba huko nako kutakuwa uamuzi wake, si wangu. Siku ile alifika kifungo cha mwisho, akajitazama kwenye kioo, akaona upande mmoja wa shati umepanda juu. Alikuwa ameruka tundu moja. Akavifungua vyote, akaanza upya kutoka juu, nami nikakaa kitini.

Tulichelewa.