Madoa na mikunjo ya jua: krimu ya kuchanganywa iache

Dada yangu wa Kalerwe, Kampala, umeuliza kama krimu ya kuchanganywa, ya kung'arisha ngozi, itaondoa madoa ya mashavuni uliyopata kwa kuuza matooke juani miaka kumi. Tafadhali usiipake. Nyingi za aina hiyo huwa na zebaki au steroidi, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe; ngozi hung'aa wiki chache, kisha huwa nyembamba na madoa hurudi meusi zaidi. Zebaki huumiza hata figo.

Ngozi yetu nyeusi ina melanini, rangi ya asili inayoikinga, lakini haitoshi kwa jua la ikweta, na miale inayozeesha ngozi hupenya hata mawingu. Anza na kivuli: mwavuli mkubwa juu ya meza, kofia pana, hasa saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni. Kisha losheni ya kukinga jua, SPF (kipimo cha kinga ya jua) 30 au zaidi, kiasi cha mistari miwili yenye urefu wa kidole kwa uso na shingo, urudie kila saa mbili. Ukipata yenye rangi ya ngozi, chukua hiyo. Oksidi ya chuma iliyomo husaidia sana kuzuia madoa.

Mikunjo hupungua kwa tretinoini, dawa ya kupaka usiku, polepole, kwa miezi. Mwone kwanza daktari wa ngozi, na kama una mimba usiitumie kabisa.