Kabla ya Jino, Uliza Mfupa: Kwa Anayefikiria Kuwekewa Kipandikizi

Tangu niwekewe kipandikizi cha jino, kila anayejua huniuliza mambo mawili: kiliuma kiasi gani, na nilitoa shilingi ngapi. Kuhusu mfupa hakuna anayeuliza. Na mfupa ndio uliochukua muda mrefu kuliko yote, ndio ulioongeza gharama, na ndio ninaotamani kila mwenye pengo aufahamu kabla hajakaa kwenye kiti cha daktari.

Kipandikizi ni skrubu ya titani inayozamishwa ndani ya taya ili ishike nafasi ya mzizi wa jino. Titani ina sifa ambayo madini machache yanayo: mfupa ulio hai huishika ukagandamana nayo. Per-Ingvar Brånemark, mtafiti wa Sweden, aliligundua hilo miaka ya 1950 akichunguza mifupa ya sungura, aliposhindwa kukitoa kifaa cha titani alichokuwa amekipachika. Mwaka 1965 alimwekea mgonjwa wa kwanza. Tangu hapo vifaa vimeboreshwa sana, lakini sharti la msingi ni lile lile. Bila mfupa wa kutosha kuzunguka skrubu, hakuna kitu cha kuishika.

Mfupa unaozunguka mizizi ya meno upo kwa ajili ya meno. Jino likishang'olewa, mwili huuona hauna kazi na huanza kuula. Sehemu kubwa hupotea katika miezi 3 hadi 6 ya kwanza, na ndani ya mwaka mmoja ukingo wa taya unaweza kupungua karibu nusu ya upana wake. Baada ya hapo kasi hupungua, ila haikomi. Upande wa shavuni ndio unaoliwa zaidi, kwa sababu ukuta wake ni mwembamba tangu mwanzo. Meno ya bandia ya kuvaa na kuvua hayazuii jambo hilo, kwa kuwa yanakalia ufizi tu.

Kwa hiyo kama una jino linalosubiri kung'olewa, na una nia ya kuweka kipandikizi baadaye, siku ya kuzungumzia mfupa ni hiyo hiyo ya kung'oa. Daktari anaweza kulijaza tundu chembe za mfupa palepale, akafunika, akashona. Haizuii upungufu wote, lakini huupunguza sana, na mara nyingi humwepusha mtu na upasuaji mkubwa zaidi. Mwambie daktari kabla hajashika koleo. Hospitali zetu nyingi zina foleni ndefu, na asiyeuliza hung'olewa jino akapewa pamba na dawa ya maumivu, basi.

Gego langu la chini lilitoka nikiwa chuoni, na pengo likakaa miaka. Kliniki ya kwanza niliyokwenda ilinipiga eksirei ya kawaida, wakaniambia mfupa upo, nirudi wiki inayofuata na nusu ya malipo. Sikurudi. Eksirei ya kawaida huonyesha kimo cha mfupa, unene hauonekani. Daktari wa pili aliagiza picha ya CBCT, ile inayolionyesha taya kwa pande zake tatu, akanigeuzia kompyuta ili nami nione. Tulipita kipande baada ya kipande. Kimo kilikuwa kizuri. Unene ulikuwa milimita 4.

"Dada, skrubu yenyewe ina kipenyo cha milimita 4," akaniambia. "Nikiiweka hapa leo itachungulia shavuni."

Kwa skrubu ya ukubwa huo madaktari hutaka angalau milimita 6 za unene, wengi hupendelea 7, ili pande zote mbili ubaki ukuta wa mfupa. Akanionyesha pia mfereji wa mshipa wa fahamu unaopita ndani ya taya la chini, ule unaofanya mdomo na kidevu vihisi. Kati ya ncha ya skrubu na mfereji huo huachwa milimita 2 hivi za usalama. Ukiambiwa mfupa unatosha, omba uonyeshwe vipimo hivyo kwenye picha yako mwenyewe. Daktari anayejiamini hatachukia.

Sasa nije kwenye jambo ambalo mama yangu mdogo alilishupalia kuliko mimi: mfupa wenyewe unatoka wapi?

Kuna asili nne. Wa kwanza ni wako mwenyewe, unaochukuliwa kidevuni, nyuma ya magego, au nyongani kama unahitajika mwingi. Huo una chembe hai na mwili haubishani nao, ila unakuwa na vidonda viwili vya kuuguza. Wa pili ni wa binadamu aliyefariki, kutoka benki za mifupa zinazousafisha na kuupima. Wa tatu ni wa mnyama, mara nyingi ng'ombe, wakati mwingine nguruwe. Wa nne hutengenezwa kiwandani kwa chumvi za kalsiamu na fosfeti. Mfupa wa ng'ombe husafishwa kwa joto na kemikali mpaka nyama, mafuta na protini vyote viishe, ikabaki sehemu ya madini peke yake. Haugeuki kuwa mfupa wako. Unakuwa jukwaa ambalo mfupa wako unalipanda na kulijaza, na baadhi ya chembe zake hukaa humo miaka mingi.

Mama mdogo aliposikia hivyo akauliza swali moja tu: "Na hicho cha kufunikia, mwanangu, nacho ni cha ng'ombe?"

Nilikuwa sijaliwaza. Juu ya chembe huwekwa utando mwembamba unaozuia ufizi usikue haraka na kuingia mahali pa mfupa, maana ufizi hukua upesi na mfupa hukua polepole. Tando nyingi za kolajeni, protini ya ngozi na mifupa, zilizopo sokoni zimetokana na nguruwe. Nilimpigia daktari, akaniomba nifike, akatoa maboksi mawili kabatini tukasoma pamoja. Chembe: ng'ombe. Utando: nguruwe. Hakukasirika wala hakunicheka. Alisema wagonjwa wengi hawaulizi, na yeye tangu hapo ataanza kuwaambia. Akaagiza utando wa ng'ombe, tukasogeza tarehe mbele.

Wapo wanazuoni wanaoruhusu kwa sababu ya tiba, au kwa hoja kwamba kitu kimekwisha kubadilika asili yake, na wapo wasioruhusu. Hilo ni lako na unayemwamini katika dini. Nami sisemi kwa Waislamu peke yao: Mhindu anaweza kuwa na neno na ng'ombe, na kuna mtu ambaye mfupa wa maiti hautamkalia rohoni hata usafishwe vipi. Ninachosisitiza ni kwamba una haki ya kujua, na pa kuuliza ni kabla ya ganzi. Chaguo la kiwandani lipo, tando za aina nyingine zipo, lakini huenda zikahitaji kuagizwa, na kuagiza huchukua muda.

Upasuaji wenyewe ulifanyika kwa ganzi ya kawaida ya kuchoma sindano. Maumivu hakuna, kuna msukumo, kuna sauti. Daktari aliufunua ufizi, akakwangua mfupa kidogo wa kwangu kutoka jirani ya pale pale. Mlio wa kukwangua unausikia ndani ya sikio na hauzoeleki. Kisha nikaona kibakuli cha chuma kwenye trei: chembe nyeupe zenye ukubwa wa chumvi ya mawe, akazichanganya na zile nilizokwanguliwa pamoja na damu yangu, zikawa tope jekundu linaloshikamana. Akalipakia ukutani mwa taya kwa kijiko kidogo, akalishindilia taratibu, akatandaza utando, akashona. Zile nyuzi alizivuta kwa uangalifu mkubwa, akaniambia sababu: ufizi ukikazwa kupita kiasi utaachia, na jeraha likifunguka bakteria huingia na chembe zote zinaweza kupotea.

Uvimbe hupanda siku ya pili na ya tatu, kisha hushuka. Usiogope kioo siku hizo. Barafu kwa nje siku ya kwanza, kichwa kiinuliwe unapolala, dawa umalize kama ulivyoandikiwa. Chakula kiwe laini na kisichochoma: uji uliopoa, mtori, viazi vya kuponda, mtindi. Usinywe kwa mrija na usiteme kwa nguvu, kwa kuwa mvuto ule hung'oa damu iliyoganda. Mswaki usipite kwenye nyuzi. Hapo utasukutua na dawa ya klorheksidini. Chembe moja mbili zikitoka mdomoni siku za mwanzo, ni kawaida. Usaha si kawaida. Maumivu yanayozidi badala ya kupungua baada ya siku ya tatu, utando kuonekana, au mdomo kubaki na ganzi siku inayofuata: piga simu siku hiyo hiyo, usingoje miadi. Na kama unafunga, usipange upasuaji huu Ramadhani ikiwa mlangoni. Dawa za saa kwa saa na chakula laini kidogo kidogo havipatani na saumu.

Kwa wenye pengo la juu nyuma, kuna habari ya ziada. Juu ya magego ya juu kuna uwazi wenye hewa, sainasi, na meno yakishang'oka uwazi huo hushuka, mfupa ukabaki mwembamba mno. Hapo daktari hufungua kidirisha pembeni, akainua ngozi laini ya sainasi bila kuipasua, akajaza chembe chini yake. Kaka yangu alifanyiwa hivyo. Masharti yake ni makali kuliko yangu: usipenge kamasi kwa wiki kadhaa, chafya uitoe mdomo ukiwa wazi, na safari ya ndege isubiri mpaka daktari aruhusu. Mwenye mafua sugu au sainasi zinazouma atibiwe kwanza.

Kuna watu ambao kwao nasema kwa kusihi: mwambieni daktari kila kitu. Mwenye kisukari aende na kipimo cha HbA1c cha karibuni, kile kinachoonyesha wastani wa sukari ya damu kwa miezi kama mitatu iliyopita, kwa kuwa sukari isiyodhibitiwa huchelewesha kupona na kukaribisha maambukizi. Anayetumia au aliyewahi kutumia dawa za kuimarisha mifupa, kama alendronati au sindano za asidi ya zoledroniki wanazopewa baadhi ya wagonjwa wa saratani, aitaje hata kama ni zamani, maana zinaweza kusababisha mfupa wa taya kufa baada ya upasuaji. Aliyepigwa mionzi ya kichwa na shingo vivyo hivyo. Na sigara, kaka zangu: moshi hubana mishipa ya damu ya ufizi, na mfupa mpya bila damu haushiki. Ugoro na kuberi wanaoweka shavuni navyo si salama kwa jeraha lile. Kama huwezi kuacha kwa miezi hiyo, hifadhi fedha zako, omba daraja, yaani jino la bandia linaloshikizwa kwenye meno ya jirani, au jino la kuvaa.

Kungoja ndiko kugumu. Tundu lililojazwa siku ya kung'oa huachwa miezi 3 hadi 6. Ukingo ulioongezwa unene au sainasi iliyoinuliwa huenda miezi 4 hadi 9. Wangu uliachwa nusu mwaka, kisha CBCT nyingine. Katikati nililetewa ofa ya mahali wanapomaliza kila kitu kwa wiki chache. Kwa mwenye mfupa wake kamili inawezekana kabisa, hata siku moja na kung'oa. Kwa taya la milimita 4 sikuona namna. Jino la muda la kuvaa ukilipata, hakikisha haligusi pale palipopandikizwa, kwa sababu mgandamizo unaweza kuharibu kazi yote.

Kuhusu fedha, omba hesabu iliyochambuliwa kwenye karatasi: picha, chembe, utando, upasuaji, skrubu, kiunganishi kinachokaa juu ya skrubu, na taji, yaani jino lenyewe linaloonekana. Bei ya kwenye tangazo mara nyingi ni ya skrubu peke yake. Bima yangu ilikataa yote isipokuwa eksirei. Jina la daktari nalo litazame kwenye orodha ya baraza linalosajili, Baraza la Madaktari Tanganyika kwa Tanzania bara, au KMPDC kwa Kenya, na umuulize bila haya amekwisha kufanya kazi ya namna hiyo mara nyingi au la.

Siku ya kuwekewa skrubu ilikuwa nyepesi kuliko ya mfupa, na daktari alipotoboa alisema mfupa ni mgumu vizuri. Kabla sijatoka niliomba stika. Maboksi ya chembe, utando na kipandikizi huja na stika zenye jina la bidhaa, kipimo na namba ya toleo; moja hubandikwa kwenye faili, nyingine unaweza kupewa wewe. Taji likilegea miaka 10 ijayo ukiwa Mwanza au Muscat, daktari atakayekuona atahitaji kujua skrubu ni ya kampuni gani, maana bisibisi ya kampuni moja mara nyingi haifungui ya nyingine. Zangu nimezipiga picha nikamtumia na mdogo wangu, na zenyewe ziko kwenye bahasha moja na cheti changu cha kuzaliwa.