Daktari kijana apewe siku, apewe jina

Utafiti unapofanyika Ukerewe, Magu au Sengerema, anayekaa na mgonjwa mara nyingi ni daktari kijana anayejua Kisukuma au Kikerewe. Ndiye anayefafanua swali la dodoso mpaka lieleweke, ndiye anayesaka jalada lililopotea masjala. Makala inapotoka, jina lake haliko kwa waandishi; liko kwenye shukrani, chini kabisa. Msimamizi yeyote wa watarajali na wanafunzi wa uzamili hapa Mwanza aanzie hapo, kabla hata ya kuzungumzia fedha.

Masharti ya mtu kuhesabiwa mwandishi wa makala, yaliyowekwa na ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ni 4 na yote yanahitajika: mchango mkubwa katika wazo, ukusanyaji au uchambuzi wa takwimu; kuandika au kuhakiki rasimu; kuidhinisha toleo la mwisho; na kuwajibika kwa kilichoandikwa. Kamati hiyohiyo inataka aliyetimiza sharti la kwanza apewe nafasi ya kushiriki katika hayo mengine. Kumtumia kijana kukusanya takwimu halafu asiione rasimu ni kumfungia mlango. Siku andiko, yaani mpango wa utafiti, linapopelekwa kamati ya maadili kuombewa kibali, andikeni ukurasa 1 unaosema nani mwandishi wa kwanza, nani anachambua, nani anatunza takwimu, na itakuwaje mtu akihamishwa kituo. Mkisubiri makala iishe, ataamua mwenye cheo, na kijana hatabisha kwa sababu mwenye cheo ndiye anayesaini tathmini yake.

La pili ni muda. Siku 1 nzima ya utafiti kwa wiki, iandikwe kwenye ratiba ya zamu pamoja na jina la atakayemshikia wodi, na mkuu wa idara asaini. Isiwe siku inayofuata zamu ya usiku. Alasiri mbili hazilingani na siku moja, maana wodini huitwa kila baada ya nusu saa. Daktari mama mwenye mtoto mchanga akiambiwa aandike usiku nyumbani, ameshaambiwa aache.

Utafiti wa kwanza uwe mdogo, wa majalada ya wodi moja. Kabla ya kuandika andiko, muombe ruhusa ya hospitali ya kupitia majalada 20 ili kuona tu yamejazwa vipi. Kama uzito wa mgonjwa haumo katika majalada 8, badilisheni swali mapema. Kisha pigeni hesabu: majalada 300 kwa dakika 10 kila moja ni saa 50, yaani wiki 7 hivi kwa siku moja ya saa 8 kila wiki. Vijana wengi huahidi kumaliza kwa wiki 2, wakishindwa wakajiona hawana akili ya utafiti. Takwimu zenyewe zisikusanywe kabla ya kibali cha maadili kutoka, hata kama ni majalada tu. Kibali hakirudi nyuma, na jarida litakataa kazi hiyo.

Matokeo yajadiliwe kwanza kwa Kiswahili. Kijana aeleze jedwali lake kwa mdomo, ajirekodi kwenye simu, ndipo aandike Kiingereza. Mara nyingi kinachoonekana kama udhaifu wa lugha ni hoja ambayo haijakomaa.

Fedha huwaangusha hasa waliotoka familia zisizo na akiba. Kijana hulipa nauli ya kivuko na chakula cha wasaidizi kutoka mfukoni, akisubiri kurudishiwa. Toeni masurufu, yaani fedha za matumizi ya safari, kabla hajaondoka, na mwonyesheni siku hiyohiyo risiti zinavyotakiwa kuandikwa, kwa sababu asiporejesha hesabu vizuri hapati awamu ya pili ya fedha.

Likizo ya uzazi nchini ni siku 84, au 100 kwa mapacha. Kabla ya kusaini mkataba wa ruzuku, msimamizi amwandikie mfadhili kuuliza kama siku hizo zitaongezwa mwishoni mwa mradi. Barua hiyo iandikwe na msimamizi kwa kila mradi, asiachiwe binti aiombe akiwa tayari mjamzito.