Mhusika wako aliingiaje?

Swali la wiki: Mwandishi ajue nini kabla ya kuandika hadithi ya mume na mke ambao mmoja ana makaratasi na mwenzake hana?

Ajue kwanza mhusika wake aliingiaje nchini. Nasemea Marekani, ninakoishi. Hadithi nyingi ninazosoma huenda hivi: kijana anamuoa raia, ukurasa wa pili ana grinikadi, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu. Sisi tulioko huku tunajua mambo hayaendi hivyo.

Aliyeingia kwa viza ya masomo au ya matembezi, viza ikaisha akabaki, akioana na raia kwa kawaida anaweza kuomba ukaazi akiwa humu humu. Aliyevuka mpaka kwa kificho mara nyingi hawezi. Hutakiwa atoke, akahojiwe ubalozini. Hapo sheria ya 1996 inamnasa: aliyeishi bila kibali mwaka mmoja au zaidi, akishatoka hufungiwa mlango miaka 10. Msamaha upo, na tangu 2013 baadhi ya watu huweza kuuomba kabla ya kuondoka. Lakini lazima ithibitishwe kwamba mwenzi raia ndiye atakayeumia kupita kiasi, na uchungu wa kutengana peke yake hautoshi. Mwandishi na akae hapo! Mke anaiandikia serikali kuhusu dawa anazomeza, madeni yake, usiku asiolala, mambo ambayo pengine hajamwambia hata mumewe. Hiyo ni sura nzima ya riwaya.

Halafu aangalie nani mwenye nguvu nyumbani. Raia ndiye anayewasilisha ombi, na anaweza kuliondoa. Wapo wanaoligeuza fimbo: "Nikipiga simu moja tu, unarudi kwenu." Kitisho hicho nimekisoma katika hadithi zaidi ya moja, na kila mara anayetishwa hunyamaza na kuvumilia, kana kwamba hana njia nyingine. Anayo. Tangu 1994 sheria ya kupinga ukatili dhidi ya wanawake (VAWA) inamruhusu mwenzi anayeteswa na raia, au na mwenye grinikadi, kujiombea mwenyewe bila mtesaji kuarifiwa. Mume pia ana haki hiyo, ingawa jina la sheria linataja wanawake. Nawasihi waandishi wetu waliandike hili waziwazi, kwa sababu miongoni mwa wasomaji wao wamo wanaotishwa hivyo leo na hawajawahi kuambiwa.

Msomaji, Columbus, Ohio