Usimnyime mtoto maziwa kwa kubahatisha

Mwanangu,

Umeniuliza kama uache kumpa mjukuu wangu maziwa, mayai na ngano kwa kuwa ukurutu umemrudia vibaya, na mama mkwe wako ameshasema ni maziwa. Kwa sasa usiache chochote. Huenda ni maziwa kweli, lakini bado hujui.

Ugonjwa huu hauanzii tumboni. Ni ngozi yenyewe: haishiki unyevu, na inapitisha visivyotakiwa. Chakula huja kuchochea tu, tena kwa baadhi ya watoto tu: kati ya watoto wenye ukurutu wa wastani au mkali, karibu theluthi moja ndio wana mzio wa chakula. Jasho, sabuni yenye manukato, nguo ya sufu, mafua, vyote hivyo vinaweza kumwasha siku ileile aliyokula yai, na lawama ikaliangukia yai.

Kwa hiyo tazama saa. Mzio wa haraka huonekana ndani ya dakika chache hadi saa 2: vipele vilivyovimba, midomo kujaa, kutapika. Akianza kuhema kwa shida au kulegea, hospitali mara moja. Ule wa polepole ndio msumbufu, maana ngozi inaweza kuchafuka saa 6 hadi 48 baadaye, na hapo nani anakumbuka alikula nini juzi? Weka daftari. Andika alichokula, saa ngapi, na asubuhi mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti ikoje. Ule wekundu wa kuzunguka mdomo akishakula nyanya au chungwa, mara nyingi ni uchachu umegusa ngozi iliyochubuka. Mpake mafuta mazito hapo kabla ya kula, uone.

Vipimo navyo usivikimbilie. Cha damu au cha kuchoma ngozi kikionyesha mzio wa yai, haimaanishi lazima yai linamdhuru. Wengi wenye ukurutu hupata majibu hayo na wanakula mayai vizuri tu. Daktari akishuku chakula, atakiondoa hicho kimoja kwa wiki chache, kisha akirudishe. Kurudisha ndiko kunakotoa jibu.

Ninachoogopa mimi ni kuondoa kwa miezi. Mwili ukikaa mbali na chakula unaweza kuacha kukivumilia, na mtoto aliyekuwa akichubuka tu, siku anarudishiwa anapata mzio wa kuhatarisha maisha. Utafiti wa Uingereza uliotoka mwaka 2015 ulifuata watoto walioanza wakiwa na miezi 4 hadi 11, wenye ukurutu mkali au mzio wa mayai. Waliolishwa karanga mapema walipata mzio wa karanga kwa kiwango cha chini sana, pungufu kwa asilimia 80 hivi kuliko wale walioepushwa nazo. Inaelekea chakula kikipita mdomoni mwili hukizoea, kikipenya kwenye ngozi iliyopasuka mwili hukipiga vita. Ndiyo maana nasisitiza unawe mikono kabla ya kumpaka, na mafuta uyachote kwa kijiko safi, si kwa vidole vilivyotoka kumenya yai.

Dawa ya kupaka uliyopewa na daktari, hiyo unayoiogopa, itumie alivyokuelekeza. Na wewe unayenyonyesha, kula kama kawaida.

Mama mkwe wako usibishane naye. Mpe daftari alijaze siku anazoshinda na mtoto. Jicho lake ni kali kuliko letu.

Mama yako