Maswali ya Wasomaji: Sindano ya Homoni ya Ukuaji Ni ya Nani?

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu wa kiume ana miaka 9, na mdogo wake wa miaka 7 ameshampita kimo. Nimesikia kuna sindano ya kuwarefusha watoto, lakini jirani yangu amenionya kwamba dawa hiyo hutolewa kwa maiti na kwamba huharibu ubongo. Nifanye nini? – Mama mwenye wasiwasi

JIBU: Marahaba, mama. Onyo la jirani yako si uzushi, ila limepitwa na wakati. Mwaka 1958 daktari Maurice Raben wa Marekani alieleza jinsi kijana mwenye upungufu wa homoni ya ukuaji alivyorefuka baada ya kudungwa homoni iliyotolewa katika tezi za pituitari, yaani tezi ndogo za chini ya ubongo zinazoitengeneza, za watu waliofariki. Hapakuwa na njia nyingine, kwa kuwa homoni ya ukuaji ya ng'ombe au nguruwe haifanyi kazi mwilini mwa binadamu, tofauti na insulini, ambayo kwa miaka mingi ilipatikana kwa wanyama hao. Mwaka 1985 ikabainika kwamba baadhi ya watu waliotibiwa hivyo utotoni walikuwa wamekufa kwa ugonjwa wa Creutzfeldt-Jakob, unaoharibu ubongo na usio na tiba, ambao waliupata kupitia dawa yenyewe. Matumizi yake yalisitishwa, na mwaka huohuo Marekani ikaidhinisha homoni iliyotengenezwa maabara kwa kupandikiza jeni ya binadamu ndani ya bakteria. Dawa ya leo haitoki kwa maiti. Wazazi wa watoto wale walikuwa na nia njema kama yako, na kwa heshima yao nakuomba usikubali sindano yoyote kabla ya kujua kwa nini mwanao hakui.

Ufupi peke yake si ugonjwa. Watoto wengi wafupi wamerithi kimo cha wazazi wao, au ni wale wanaochelewa kubalehe na kurefuka baadaye. Kinachonitia shaka katika barua yako ni hilo la kupitwa na mdogo wake, maana daktari huangalia kasi ya kukua kuliko kimo cha siku moja, na mtoto ambaye hajabalehe akiongezeka chini ya sentimita 5 hivi kwa mwaka anastahili kuchunguzwa. Nenda na kadi yake ya kliniki na vipimo vyote vya kimo ulivyo navyo, hata alama ulizoweka ukutani.

Atapigwa eksirei ya kiganja cha kushoto ili umri wa mifupa ulinganishwe na umri wake, na atapimwa tezi ya thairoidi, figo na utumbo, kwa kuwa maradhi ya viungo hivyo nayo hudumaza. Kupima homoni yenyewe kwa damu iliyochukuliwa wakati wowote hakusaidii, kwani tezi ya pituitari huitoa kwa vipindi, hasa katika usingizi mzito. Kwa hiyo hupimwa IGF-1, protini ambayo ini huitengeneza kwa kuchochewa na homoni hiyo, kisha mtoto hupewa dawa ya kuiamsha tezi na damu yake huchukuliwa mara kadhaa.

Upungufu ukithibitika, tiba hii ni neema kubwa, na ikianza mapema matokeo huwa bora zaidi. Sindano hudungwa chini ya ngozi kila jioni kwa miaka kadhaa, ingawa tangu 2021 Marekani imeidhinisha pia za mara moja kwa wiki kwa watoto. Akilalamika kuumwa sana kichwa pamoja na kutapika au kuona ukungu, au akianza kuchechemea kwa maumivu ya nyonga au goti, mrudishe hospitali siku hiyohiyo. Kwa mtoto mfupi asiye na ugonjwa wowote, miaka yote hiyo ya sindano huongeza sentimita chache tu, nami nisingemshauri mzazi aanze bila kulipima hilo pamoja na mtoto mwenyewe.

SWALI: Daktari, nina miaka 41 na ninafanya mazoezi. Mwenzangu anasema homoni hii itanirefusha na kunirudishia ujana. Ni kweli?

JIBU: Kurefuka, hapana: gegedu za ukuaji karibu na ncha za mifupa yako zimekwisha kugeuka mfupa. Habari ya ujana ilienea baada ya utafiti wa mwaka 1990 uliohusisha wanaume wachache wenye umri zaidi ya miaka 60, ambao misuli yao iliongezeka na mafuta yakapungua. Lakini tafiti zilizofuata hazikuonyesha kwamba nguvu zinaongezeka vivyo hivyo, bali miili iliyovimba maji, viungo vinavyouma na sukari iliyopanda. Homoni ikizidi kwa muda mrefu, viganja, nyayo na taya hupanuka, na moyo hudhurika. Michezoni imepigwa marufuku. Wapo watu wazima wanaoihitaji kweli, hasa waliowahi kupasuliwa uvimbe wa pituitari au kupigwa mionzi kichwani. Ikiwa u miongoni mwao, mwone daktari wa homoni, lakini usidungwe dawa ya mwenzako.