Masafa Yakitembea, Usikimbilie Kununua Risiva

Mwaka wangu wa kwanza wa kusikiliza QO-100, setilaiti inayopitisha mazungumzo ya maredio amateri (watu wanaorusha redio kwa kujifurahisha), nilimwaga hela pasipohusika. Jamaa anaanza kuongea vizuri, dakika mbili baadaye sauti yake imekuwa ya bata, mara imezama kabisa na mimi nazungusha kitufe kumtafuta. Nikaamini RTL-SDR yangu, kile kidude cha risiva kinachochomekwa kwenye laptop kama fleshi, ni kibovu. Nikaagiza kingine chenye TCXO, kristali isiyoyumbishwa sana na joto, nikasubiri wiki tano mzigo ufike Arusha. Kikafika, nikachomeka, bata akaendelea kulia.

Tatizo halikuwa mezani. Lilikuwa juu ya bati, kwenye LNB, kile kichwa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi.

Kwanza tuelewane kuhusu setilaiti yenyewe. QO-100 ni transponda za maredio amateri zilizopandishwa ndani ya Es'hail-2, iliyorushwa Novemba 2018, nayo imekaa juu ya ikweta kwenye nyuzi 25.9 mashariki. Haizunguki juu ya vichwa vyetu kama kituo cha anga cha ISS, ambacho kikipita masafa yake ya 437 MHz huhama karibu 10 kHz kila upande kwa sababu ya mwendo. Hii imetulia. Kwa hiyo ukiona alama inatembea kwenye skrini, anayetembea ni wewe.

Sasa hesabu iliyoniuma. QO-100 inashusha sauti kati ya 10489.5 na 10490 MHz. LNB inapunguza humo 9750 MHz, ndiyo maana kwenye risiva unasikiliza karibu na 740 MHz. Hiyo 9750 haitoki hewani: kwenye LNB nyingi za PLL, zile zinazofunga masafa yao kwenye kristali, kuna kristali ya 25 MHz inayozidishwa mara 390. Kristali ikikosea hezi moja tu, wewe unakosea hezi 390. Kosa la sehemu moja kwa milioni kwenye LNB ni 9,750 Hz, wakati mazungumzo ya SSB, namna ya kurusha sauti inayobana masafa, yanachukua kama 2,700 Hz tu. Umeshawaruka watu watatu. Kosa hilohilo kwenye risiva iliyo kwenye 740 MHz ni 740 Hz. Mimi nilikuwa nimerekebisha lile dogo.

Tena LNB yangu ya kwanza haikuwa hata ya PLL. Niliinunua duka moja karibu na soko la Kilombero, nikauliza kama ni PLL, muuzaji akanijibu, "Zote ni moja, kaka." Si moja. Zile za zamani zinategemea kipande cha kauri, na joto likipanda masafa yanaweza kuhama mamia ya kilohezi kati ya asubuhi na mchana. Kwa TV haina shida, king'amuzi kinavumilia. Kwa SSB, sahau. Soma boksi, na kama halisemi PLL, rudisha kwenye rafu.

Hata PLL nayo inasikia joto. Pale nyumbani Njiro niliweka daftari kando ya laptop nikaandika mahali bikoni, alama ya kudumu inayotoka kwenye setilaiti, ilipo, asubuhi, saa sita, saa kumi, usiku. Siku ya jua bikoni ilihama kilohezi kadhaa. Wingu la Meru likifunika jua, unaiona ikianza kurudi taratibu, kama ng'ombe anayejua njia ya boma. Nilichofanya ni kuvalisha mwili wa LNB lile povu jeupe linalokuja na TV kwenye boksi, nikaacha mdomo wake wazi. Haikuondoa kuhama. Ilipunguza kasi yake, na hilo ndilo unalohitaji, maana unachokimbizana nacho ni kasi. Na kabla ya kupima chochote, iache iwake nusu saa.

Kuhusu dishi, watu wa Arusha na Moshi tuna mambo yetu ambayo maelekezo ya Ulaya hayasemi. Huku kwetu setilaiti hii iko juu sana, karibu nyuzi 77 kutoka upeo wa macho, upande wa magharibi ukiinama kidogo kaskazini. Dishi lililokuwa linatazama nyuzi 7 mashariki kwa ajili ya king'amuzi linahitaji kuinuliwa sana, na baadhi ya vishikio vya kiwandani havifiki. Mimi nilichomelewa kipande cha chuma na fundi geti. Kisha kuna kuzungusha LNB yenyewe kwenye kishikio chake. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, inabidi izungushwe takriban nyuzi 70. Ukiiacha wima kama kwenye picha za Wajerumani, utapokea zaidi upande wa TV za amateri na utajiuliza sauti ziko wapi. Zungusha huku mwenzako akiangalia skrini, mpaka bikoni isimame juu kabisa.

Umeme: LNB inataka volti 13 ili ipokee upande wa sauti, 18 inakupeleka upande mwingine. RTL-SDR inatoa kama 4.5 tu, haitoshi. Ujanja wa bei nafuu ni splita inayopitisha umeme upande mmoja: huo unaunga kwenye king'amuzi cha zamani kilichowekwa chaneli ya volti 13 bila toni ya 22 kHz (inayoihamisha LNB kwenye masafa mengine), ule uliozibwa unaunga kwenye RTL-SDR. Pima kwa mita kwanza. Volti 18 ikiingia kwenye kidude chako hutasikia hata bata.

Baada ya hapo kazi inayobaki ni ya programu. Bikoni ya katikati iko 10489.750 MHz, kwa hiyo inapaswa kuonekana 739.750. Yangu ilionekana 739.773, maana yake LNB ilikuwa chini kwa 23 kHz, nikaandika 9749.977 kwenye programu badala ya 9750. SDR Console ina sehemu ya kushika bikoni na kuifuata yenyewe. Ukiiwasha, joto lipande au lishuke, sauti zinakaa. Ni bure. Ningeijua mapema, ile TCXO ningeinunua baadaye kabisa.

Wapo wanaong'oa kristali na kuingiza masafa yanayoongozwa na GPS. Kwa kusikiliza tu sijaona haja. Ukitaka kurusha kwenye 2400 MHz ni habari nyingine: hapo unahitaji leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na alama ya wito inayoanza na 5H, na kristali ya kurushia nayo itaanza kutembea kivyake.